Zawadi ya mzee: Hopalong Cassidy au Zane Grey?

Kibogoyo77: Wakuu, heshima kwenu. Mzee anatimiza miaka 80 wiki ijayo, nataka kumnunulia picha za kauboi za zamani zilizotokana na riwaya. Nimebaki na mawili: furushi la kauboi Hopalong Cassidy au la hadithi za mwandishi Zane Grey. Lipi?

MpigaRanda: Mkuu, bajeti hujasema. Ana deki au anatazama kwa flashi? Kiingereza anakisikia?

Bi Mkora: Hopalong! Filamu 66, 1935 hadi 1948, steringi ni William Boyd mwanzo mwisho. Nguo nyeusi, farasi mweupe, pombe hagusi. Nyingi ni kama saa moja tu, mzee hatasinzia.

MsomajiKimya: Pombe hagusi kwenye picha. Kwenye riwaya za Clarence Mulford huyo Cassidy ni mlevi, mdomo mchafu. Wamemwogesha mpaka kawa ustadhi wa madrasa. Anayetaka hadithi achukue Zane Grey.

Bi Mkora: Kwani mzee anaenda kufanya mtihani?

MpigaRanda: Zane Grey za kampuni ya Paramount za miaka ya 1930 nazo zina ujanja wake. Walichomeka vipande vya picha bubu za zamani kubana matumizi, steringi mpya Randolph Scott akavalishwa afanane na Jack Holt, steringi wa zile bubu.

Chuma_Mbili: Niwape yaliyonikuta. Nilinunua furushi la The Three Mesquiteers, mfululizo mwingine wa kauboi, jaladani John Wayne mkubwa kama bango la uchaguzi. Kumbe katika filamu 51 yeye yumo 8 tu, na kwenye langu hata moja hayumo! Sauti inatangulia midomo. Ya tatu ikakatika jambazi ndiyo kwanza anapanda farasi. Nikarudi kwa muuzaji, akanijibu: "Si steringi hafi? Basi kashinda." Hela sikurudishiwa.

Kibogoyo77: 😂😂 Kiingereza hasikii, enzi zao walikuwa wanaelewa ngumi tu. Deki anayo, sijui kama inasoma diski za Marekani.

MpigaRanda: Hilo ndilo ungeanza nalo! Ikikataa umemnunulia visahani.

Django_wa_Temeke: Mpe za Kitaliano, muziki peke yake unatosha.

MsomajiKimya: Uzi ni wa picha zilizotokana na riwaya.

Django_wa_Temeke: Mzee mwenyewe riwaya hajasoma.

Kibogoyo77: Nimemchimba kiujanja. Anasema kauboi wote hawakumbuki, anamkumbuka mzee mmoja wa ndevu aliyekuwa anawachekesha. Ni nani huyo?

Bi Mkora: George Hayes! Ndiye Windy wa Hopalong. Nilisema mimi.

MsomajiKimya: Taratibu dada. Baadaye alihamia kwa Roy Rogers, yule kauboi mwimbaji. Muulize vizuri, kulikuwa na gitaa?