PSA inapanda polepole miaka mingi baada ya upasuaji wa tezi dume: ulitibu au ulisubiri? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani karibu miaka minane iliyopita. Gleason (alama ya ukali wa saratani) 3+4, kingo za kipande kilichotolewa hazikuwa na saratani, na kwa muda mrefu PSA (kipimo cha damu kinachofuatilia saratani ya tezi dume) haikuonekana kabisa. Miaka mitatu iliyopita ikasoma 0.04, sasa ni 0.16. Yaani imeongezeka maradufu mara mbili, kila mara ikichukua kama mwaka na nusu. Sina maumivu yoyote. Daktari aliyenipasua anasema tusubiri ifike 0.2 na kipimo cha pili kithibitishe. Wa mionzi anasema mionzi hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5, kwa hiyo nisilale. Wote nawaamini. Nina miaka 63. Waliopita njia hii naomba mtueleze mliamuaje.

Mchangiaji wa kwanza
Pole mkuu. Yangu ilikwenda kasi, kutoka 0.1 hadi 0.3 ndani ya miezi michache tu, na Gleason ilikuwa 4+4. Hapo sikuona sababu ya kungoja. Nilipigwa mionzi siku tano kwa wiki, karibu wiki saba, pamoja na sindano za homoni (za kuzuia homoni ya kiume) kwa miezi sita. Jiandae kwa hili: kila siku kibofu kinatakiwa kijae na haja kubwa iwe imetoka ndipo ulazwe kwenye mashine. Wakiona kwenye picha kibofu hakijajaa, unarudi nje kunywa maji na kungoja, na wengi wetu tangu upasuaji mkojo haushikiki vizuri. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko mionzi yenyewe. Homoni zilinipa joto la ghafla usiku, shati linalowa chapachapa, na hamu ya tendo ikaisha. Baadaye nikapata damu kwenye choo, ikatibiwa ikapungua. PSA haionekani hadi leo, na ningechagua hivyohivyo tena.

Mchangiaji wa pili
Mwanangu, mimi nina miaka 78 na moyo unanisumbua. PSA ilianza kuonekana miaka tisa baada ya upasuaji, na huchukua zaidi ya miaka miwili kuongezeka maradufu. Daktari alinieleza utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 1999: kwa wanaume ambao PSA ilirudi na hawakutibiwa mapema, nusu yao walikaa kama miaka 8 au zaidi kabla saratani haijaonekana mifupani au kwingineko. Nikajumlisha na umri wangu, nikaamua kupima kila miezi sita tu. Ningekuwa na umri wako ningefikiria vingine.

Mchangiaji wa tatu
Kaka, naandika kama mke wa mgonjwa. Wiki ya kungoja majibu, nyumba nzima hukosa usingizi. Kilichotusaidia ni kukubaliana na daktari mapema: ikipita 0.3, au ikianza kuongezeka maradufu ndani ya mwaka, tunatibu. Ameiandika kwenye faili. Mume wangu alifanyiwa pia picha ya PET ya PSMA (skani inayotafuta seli za saratani ya tezi dume mwilini) PSA ikiwa 0.18, haikuonyesha kitu. Tulishangilia, lakini daktari akatuambia PSA ikiwa chini hivyo picha safi haimaanishi saratani haipo, na wala tusiiache ipande ili tu ionekane.

Mchangiaji wa nne
Pima maabara ileile kila mara. Mashine zikitofautiana, 0.16 na 0.19 zinaweza kuwa kitu kimoja.

Mwanzisha mada
Mzee, shikamoo, na asante. Dada, hilo la kuandika kiwango kwenye faili nalichukua. Narudia kipimo baada ya miezi mitatu, maabara ileile. Kikithibitisha kimepita 0.2, nakwenda mionzi. Linalobaki ni homoni: kuna aliyepigwa mionzi peke yake PSA ikiwa chini hivi, na daktari akaona inatosha?