Tupeane uzoefu: mafaili yanayotambaa kati ya kompyuta mbili za nyumba moja

Mzee wa Kamera, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mimi napiga video za harusi na sendofu. Sherehe moja hunipa gigabaiti 64 hivi, na kila Jumapili nazihamisha kutoka laptopu kwenda kompyuta ya mezani ninayohariria. Kwa miezi mitatu kazi hiyo ilinila saa moja na nusu na ushee kila mara. Kasi iligota megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi, haishuki. Nikabadilisha ruta. Nikapiga Windows upya. Wapi!

Wiki iliyopita ndipo nilipogundua kwamba ile 11 isiyotikisika ndiyo dalili yenyewe. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, mafaili tunayahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa megabiti 100 kwa 8 unapata megabaiti 12 na nusu. Toa kinacholiwa njiani, inabaki 11 na kitu. Yaani vifaa vyangu vyote ni vya megabiti 1000 kwa sekunde lakini vilikuwa vinaongea kwa 100. Nikafungua mipangilio ya mtandao, na kweli, kwenye kasi ya kiungo pameandikwa 100/100.

Nikachomoa kebo nikaielekeza kwenye taa. Ndani ya kile kichwa cha plastiki angavu zipo nyaya nane. Saba zimefika hadi kwenye meno ya shaba. Ule wa kahawia umeishia nyuma kidogo, kama milimita mbili. Basi. Kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu, jozi ya chungwa na jozi ya kijani kwa ule mpangilio mafundi wengi wanaoutumia. Ya 1000 inataka zote nane. Ndiyo maana mtandao haukukatika hata siku moja, ulishuka tu kimya kimya. Nimekata kichwa kile, nimebana kingine, sasa napata 110 na sherehe nzima inahama kwa dakika kumi.

Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Binti Forodhani, Mombasa

Ahsante ndugu kwa maelezo. Kwetu ni nyumba ya Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba dirishani mtu anakaa kitako. Laptopu zetu mbili zote zilikuwa kwenye waifai na kasi ilikuwa megabaiti 3, siku nyingine 2. Nililolijua baadaye ni hili: laptopu mbili zikiwa kwenye waifai moja, kila kipande cha faili kinapanda kwa ruta kisha kinashuka tena, hewa ile ile inabeba mzigo mara mbili. Nikaichomeka laptopu ya kaka kwa waya, moja tu, na kasi ikakaribia maradufu palepale.

Ile bendi ya waifai ya 5 gigahezi nayo ina mbio kweli, ila ukuta wa mawe haiuwezi. Nimehamisha ruta ukumbini karibu na mlango, masafa yanapita mlangoni badala ya ukutani. Sasa hivi napata 25 na nimeridhika.

Kijana wa Mwanza

Samahani wakuu, mimi kifurushi changu cha intaneti ni cha megabiti 20. Nikilipia cha 50 mafaili yatakwenda haraka?

Mzee wa Kamera, Tabata

Usilipe mdogo wangu, tunza hela yako. Faili likitoka kompyuta moja kwenda nyingine humo ndani halitoki nje ya nyumba. Hata intaneti ikikatika kabisa linahama vilevile. Angalia kwanza matundu ya ruta: nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100, na hapo hata kebo nzuri haisaidii. Swichi ndogo ya 1000 yenye matundu matano, yaani kile kiboksi cha kuunganishia kebo za mtandao, inatosha, kompyuta zote mbili uzichomeke humo.

Mwalimu Hisabati, Dodoma

Yangu ilikuwa tofauti na naomba mwisome kwa makini, kwa sababu kidogo nipoteze picha zote za marehemu baba.

Kasi ilianza vizuri, 110, halafu baada ya muda mfupi ikaanguka hadi 20, hadi 6, mara inasimama kabisa. Ndugu mmoja akanielekeza kwenye iperf3. Programu hii inapima mtandao peke yake bila kugusa diski: kompyuta moja unaandika iperf3 -s, nyingine iperf3 -c na anwani ya IP ya ile ya kwanza. Jibu likaja megabiti 940. Mtandao hauna ubovu! Ule mwanzo mzuri ulikuwa wa kumbukumbu ya kompyuta ikipokea mzigo. Ikijaa, diski inatakiwa iandike, na diski haiwezi.

Nikaipima afya. Sekta mbovu zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika na nafasi yake kuchukuliwa na vya akiba, zilikuwa 300 na zaidi, na nilipopima tena jioni zilikuwa zimeongezeka. Nikaacha kuiandikia chochote. Picha zilikuwa 38,000 na kitu, nikazitoa usiku kucha kwenda diski ya nje, nikianza na folda ya baba. Baada ya wiki mbili diski ile haikuamka tena.

Binti Forodhani, Mombasa

Pole sana mwalimu, na Mungu amrehemu mzee. Kwa mwenye diski nzima na picha nyingi ndogondogo: zifunge kwanza ziwe faili moja la zip bila kuzibana, maana picha hazipungui. Kila faili dogo lina salamu zake za kufunguliwa na kufungwa, na antivairasi nayo inalikagua moja moja.

Mzee wa Kamera, Tabata

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Nina diski ya harusi za 2021 na 2022 ambayo sijawahi kuipima. Naichomeka sasa hivi.