Mrejesho: CZ 457 yangu iliyokuwa ikitawanya risasi

Habari wakuu. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini bunduki yangu CZ 457, ya risasi ndogo za .22 LR, hapa Minnesota, inatawanya risasi hadi inchi 3 kwenye yadi 50, na kama ninunue darubini mpya. Wengi mlisema nianze na pete zinazoifunga darubini kwenye bunduki. Asanteni sana, mlikuwa sahihi.

Mgongo wa bunduki hii una mifereji ya milimita 11. Pete nilizozikuta juu yake nilipoinunua mkononi zilikuwa za reli ya Weaver, ambayo ni pana zaidi, kwa hiyo taya zilikuwa zimeng'ata ukingoni tu. Nilihakikisha chemba haina risasi, nikaishika darubini na kuitikisa. Ikacheza! Roho iliniuma nilipokumbuka maboksi ya risasi niliyopoteza. Nimefunga pete za milimita 11, za darubini yenye bomba la inchi 1, nikakaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, maana ukizidisha unaliminya bomba. Kundi, yaani upana wa matundu ya risasi kwenye shabaha, likashuka hadi inchi 1 na robo.

Darubini nayo ilichangia. Ni ya bunduki kubwa, paralaksi yake (umbali ambao msalaba wa kulengea hauhami ukisogeza jicho) imewekwa yadi 100, hivyo kwenye yadi 50 nikisogeza jicho, msalaba unahama juu ya shabaha. Nimeazima ya yadi 50, sasa napata chini ya inchi 1. Nitanunua kama hiyo.

Mkuu uliyeshauri pete fupi: nilijaribu, lenzi ya mbele ikagusa mtutu. Nimebaki na za wastani.