Yijing: njiti za kiberiti zinaegemea upande mmoja, kwa nini?

Fundi Cherehani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, hesabu naipenda tangu shule. Kila tukitoka isha nakaa barazani na baba mkwe, mwalimu mstaafu, na mwezi huu mazungumzo yote ni Yijing, kitabu cha kale cha Wachina cha kuagulia. Mchoro mmoja una mistari 6, kila mstari ama mzima (yang) ama umekatika katikati (yin), kwa hiyo michoro ni 64. Mstari ukitoka kwa namba 7 au 8 umetulia. Ukitoka kwa 9 ni yang iliyozeeka, inageuka yin. Ukitoka kwa 6 ni yin iliyozeeka, inageuka yang.

Baba hataki sarafu 3 za kurusha. Anataka njia ya zamani ya vijiti 50, nasi tunatumia njiti za kiberiti. Moja unaiweka pembeni. Zile 49 unazigawa mafungu mawili bila kuhesabu, unatoa moja fungu la kulia unaibana vidoleni, kisha unahesabu kila fungu nne-nne. Masalio unayaondoa pamoja na ile ya vidoleni (fungu lisipobakiza kitu, unaondoa 4). Unarudia na zilizosalia mara mbili zaidi. Mwisho zinabaki 36, 32, 28 au 24. Gawa kwa 4, umepata namba ya mstari.

Nimeandika mistari 48 kwenye daftari la vipimo vya wateja. 9 imetoka mara 10, 6 mara 2 tu. Mikono yetu ina kasoro, au hesabu yenyewe imelalia upande? Na ile njiti ya pembeni isiyoguswa tena ina kazi gani? Baba ananiambia nifikiri, na mimi usingizi siupati.

Chaki

Mkuu, mikono yenu haina neno. Tazama raundi ya kwanza. Ukishabana moja zinabaki 48, zinazogawanyika kwa 4. Kushoto ikisalia 1, kulia inasalia 3. 2 kwa 2. 3 kwa 1. Ni pale tu mafungu yote yanapogawanyika ndipo unaondoa 4 na 4. Kwa hiyo mara 3 kati ya 4 unaondoa 5, mara 1 unaondoa 9. Raundi mbili zinazofuata ni nusu kwa nusu, 4 au 8. Zidisha: 9 inapata 3/16, 7 inapata 5/16, 8 inapata 7/16, na 6 inaambulia 1/16.

Kwa sarafu, 9 na 6 zote ni 1/8. Baba mkwe ana haki kuzikataa. Anayerusha sarafu ameshakubali kwamba yin na yang hugeuka sawasawa. Wa vijiti anasema yin ni nzito kugeuka. Hizo ni imani mbili tofauti kuhusu dunia.

Msomaji wa Usiku

Niongeze la Leibniz, mwanahesabu wa Ujerumani. Tangu 1679 alikuwa akiandika namba kwa 0 na 1 tu. Padri Bouvet, Mjesuiti aliyekuwa Beijing, akamtumia michoro 64 kwa mpangilio wa Shao Yong, mwanafalsafa wa China (1011–1077), ikamfikia 1703. Akasoma mstari uliokatika kuwa 0 na mzima kuwa 1, akaona 0 hadi 63 zimejipanga. Ramli yetu ya pwani nayo inasomeka hivyo: safu 4 za nukta moja au mbili, maumbo 16. Ila naona Leibniz aliacha kitu kizuri kuliko vyote, mistari inayogeuka. 0 yake haizeeki ikawa 1.

Fundi Cherehani

Chaki, Mungu akubariki. Jana nilimsomea baba jibu lako, akasema: "Sasa irudishe ile ya pembeni." Tukahesabu kwa njiti zote 50. Raundi ya kwanza tukaondoa 6. Tukakusanya, tukagawa upya: 6. Tena: 6. Gawa utakavyo, ukishabana moja zinabaki 49, na masalio ya mafungu mawili ni 5 daima. Zinabaki 44, na kutoka 44 kwa raundi mbili hufiki 24 kamwe. Namba 6 imekufa! Usipoweka njiti moja pembeni, yin haigeuki milele.

Msomaji wa Usiku

Fundi, Wang Bi, mfafanuzi wa Yijing aliyefariki mwaka 249, aliandika kuhusu kijiti hicho kwamba chenyewe hakitumiki, ila kwa hicho vingine vinapata kutumika. Miaka yote nimeisoma kama falsafa tupu. Natoka sasa hivi kununua kiberiti.