Mkataba wa miezi 3: nilipwe kwa saa au kwa kazi nzima?

Swali: Mteja ameniachia nichague. Lipi lina usalama?

Jibu 1: Mipaka ya kazi imeandikwa? Kama bado, dai kwa saa, maana kwa bei moja kila "kiongezo kidogo" unakifanya bure. Ikiwa imeandikwa, bei moja ni sawa: 30% kabla ya kuanza, 40% katikati, 30% kabla ya kukabidhi.

Jibu 2: Ukipanga bei ya saa, tafadhali usigawe mshahara wa mwaka kwa saa 2,080 (saa 40 × wiki 52). Kodi, bima, likizo na kutafuta wateja ni juu yako. Gawa kwa saa 1,300 hivi, zile utakazolipwa kweli.

Jibu 3: Ankara kila wiki 2, ilipwe ndani ya siku 14. Ukisubiri mwisho, deni lote liko mkononi mwa mteja.