Huyu mtu kaniwekea kikombe cha kahawa juu ya Mlimba, na nyie mlikuwepo mkacheka

mtu_wa_cheyo
Wakuu, natoka kijiweni sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mtanisamehe nikikosea herufi. Simtaji. Mnamjua. Tabora nzima inamjua, hata miembe inamjua. Yule ambaye funguo za gari lazima zitangulie mezani ndipo mwenyewe akae.

Mnajua ile safari yangu ya milimani kwa usafiri wa umma, niliyoipanga kwenye daftari, maana nimewasumbua nayo vya kutosha. Natoka hapa na treni ya reli ya kati mpaka Dodoma, pale nahamia SGR, treni ya reli mpya, napita mahandaki ya Kilosa, nashuka Dar, nasubiri siku ya TAZARA, ile treni ya kwenda Zambia. Halafu Mlimba. Jamani, Mlimba! Pale treni inaliacha bonde la Kilombero inaanza kupanda kwenda Makambako, handaki baada ya handaki, na lile daraja la Mto Mpanga lenye kimo cha karibu mita 50. Kuna watu walitoboa milima ile kati ya 1970 na 1975 ili mimi na wewe tupite tumekaa dirishani tunamenya karanga. Ukurasa huo niliuchora kwa rula. Mahandaki kwa kalamu nyekundu, madaraja kwa bluu.

Huyo bwana akachukua daftari bila kuomba. Akasoma kwa sauti, kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Kisha AKAWEKA KIKOMBE. Juu ya ukurasa. Juu ya Mlimba. Kikombe chenyewe kimelowa kitako, kahawa ikachora duara, ikameza mahandaki matatu. Ndipo akasema, "Milima ya kuangalia kwa tiketi ya treni ni milima ya wasiokuwa na gari." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Muuza kahawa naye kacheka, na kahawa ya huyo bwana nililipa mimi!

Gari lenyewe hilo likifika Sikonge linachemsha, kata mbili zinaliombea dua. Na lingepita wapi pale Mlimba, wakati reli inaingia tumboni mwa mlima? Ningemwambia hayo, lakini macho yalikuwa kwenye kikombe. Angekiweka juu ya Dodoma ningenyamaza. Angekiweka juu ya Manyoni ningemwongezea na kashata. Kaweka juu ya Mlimba!

Na ukurasa wa pili hakuufungua. Kule ndiko kulikuwa na Mbeya, Chimala, ile barabara ya Hamsini na Saba ya kwenda Matamba, kona 57 za kupanda mlima, ukimaliza unaingia Kitulo, Bustani ya Mungu yenyewe, maua mpaka macho yachoke ukienda msimu wa mvua. Hakufungua. Angefunguaje, wakati kalikandamiza daftari kwa kikombe?

Wasimamizi, akiingia humu huyo mtu, fungeni mlango.

shemeji_wa_isevya
Mkuu pole sana, ila mimi nilikuwepo. Kikombe kilikaa upande wa Ifakara. Usikuze mambo.

mtu_wa_cheyo
Ifakara na Mlimba kwenye daftari langu ni upana wa kidole! Na wewe ulicheka, nilikuona mpaka magego.

chapati_mbili
Mzee wa rula 😂😂 mtu mzima na ndevu zako unapaka mahandaki rangi. Ungenunua na kifutio basi.

dereva_mstaafu
Vijana, mnaacha la maana. Kijana amepanga vizuri kuanzia Dar. Ukiipanda ile treni Mbeya, mara nyingi milima yote inakukuta usiku, unakodoa macho dirishani unajiona mwenyewe. Na msimdanganye kwamba angeunganisha moja kwa moja. Reli yetu ya zamani upana wake ni milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067. Ndiyo maana hata pale Kidatu zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe.

mtu_wa_cheyo
Asante mzee. Hayo yote yalikuwa ukurasa ule ule. Chini ya kikombe.

mtoto_wa_ujiji
Kila siku Mbeya, Mbeya. Kigoma hatuna milima? Mahale inachomoka ziwani mpaka mita 2,462 pale Nkungwe, sokwe wamo, maji ya Tanganyika yako miguuni. Nani humu amewahi kuichorea daftari? Watalii wanapita na ndege juu ya vichwa vyetu, sisi wenye nchi tunapanda boti, tunakalia magunia ya dagaa usiku kucha. Huo ndio uzi wa kufungua, siyo vikombe.

chapati_mbili
Magunia ya dagaa una nafuu wewe. Mimi kwenye basi la Mpanda abiria kaniwekea dumu la mawese juu ya begi, kifuniko kimelegea, tukaenda nalo hivyo hivyo kwenye rasta zote. Ndani kulikuwa na shati jeupe la harusi ya dada yangu. Namwambia, ananijibu, "Kaka, hiyo ni neema."

shemeji_wa_isevya
Hahahaha neema! Nyunyizia unga wa sembe kwanza, uache unyonye, ndipo usugue na sabuni ya mche.

mtu_wa_cheyo
Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu ameweka kikombe juu ya daftari la mtu.

mtoto_wa_ujiji
Mawese hayatoki, asikudanganye mtu. Na msiyaseme vibaya, bila mawese mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu, mngemuunga na nini?

dereva_mstaafu
Mgebuka haungwi na mawese, mgebuka anachomwa.

mtoto_wa_ujiji
Mzee, nakuheshimu, shikamoo yako iko palepale, lakini hapo umeteleza.

shemeji_wa_isevya
Mgebuka wa kuchoma ni mkavu, unahitaji mtungi wa maji pembeni. Wa mawese ndiyo samaki.

chapati_mbili
Kwani hapa Tabora sasa hivi wanauza wapi waliokaushwa vizuri? Wale wa juzi walikuwa mchanga mtupu.