Rivolva ya mtutu mfupi ya kuweka nyumbani: Smith 642, Ruger LCR au SP101?

Kijoti_TX (Houston)
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa mnaoishi huku Marekani na kumiliki silaha kihalali.

Mimi ni mtu wa zamu za usiku. Natoka saa moja jioni, narudi saa mbili asubuhi. Mama watoto anabaki na wanangu wawili, mmoja miaka 4, mwingine 7. Mwezi uliopita jirani yetu alivunjiwa mlango saa nane za usiku, na tangu siku hiyo mke wangu analala jicho moja. Tumekubaliana tuchukue rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Pistola ya magazini hataki, habari ya kuvuta slaidi na kukumbuka kama kuna risasi chemba imemshinda. Jumamosi moja moja tungependa pia kwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, kutoboa karatasi, tufurahi.

Nimeziangalia tatu. Smith & Wesson 642, aluminiamu, kama gramu 410, risasi tano za .38 Special, nyundo imefichwa ndani. Ruger LCR ya .357 Magnum, risasi yenye nguvu kuliko .38, kama gramu 485, nayo tano. Na Ruger SP101, chuma kitupu, gramu 740 hivi, tano vilevile, .357. Moyo wangu uko kwa LCR: nyepesi halafu ina nguvu. Bajeti dola 700, kodi humo humo. Karibuni.

mzee_wa_shabaha (Dallas)
Mkuu, "nyepesi" na "ina nguvu" hawalali kitanda kimoja. Mimi LCR ya .357 niliinunua kwa mapenzi kama yako. Siku ya kwanza nikajaza Magnum tano. Ya kwanza nilidhani nimekosea kuishika. Ya pili mgongo wa kidole cha kati ukagongwa na ile pete inayozunguka traiga, yaani kifyatulio. Ya tatu nikaanza kufumba macho kabla haijalia. Zilizobaki mbili sijui hata zilikwenda wapi, kwenye karatasi hazikuonekana. Kijana wa renji akaniangalia tu, akatabasamu.

Teke la bastola halitoki hewani. Baruti ile ile ukiiwashia ndani ya chuma cha kilo moja, chuma kinalimeza. Ukiiwashia ndani ya kitu cha nusu kilo, mkono wako ndio unalimeza. Hizi nyepesi zimetengenezwa kwa mtu wa kuvaa kutwa, mfukoni au kifundoni, abebe sana na afyatue kidogo. Yako itakaa ndani ya sefu. Sefu hailalamiki kuhusu uzito.

Halafu Magnum kwenye mtutu wa inchi mbili, baruti nyingi inaungulia nje. Unapata mwali na kishindo kuliko faida. Chumbani usiku, huna cha kuziba masikio, utakuwa huoni wala husikii, na watoto wanalia chumba cha pili.

BintiPemba (Columbus, Ohio)
Assalaam alaykum. Kaka Kijoti, umetupa gramu za bastola zote ila hujatuambia mkono wa shemeji yetu ukoje. Yeye ndiye atakayekuwa nayo saa nane usiku, wewe utakuwa kazini.

Mkono wangu ni mdogo, glavu za dukani zote zinanipwaya. Nilianza na hiyo 642. Kuibeba raha, kuifyatua adhabu, hata kwa .38. Na traiga yake ni nzito. Rivolva ukiivuta bila kurudisha nyundo kwanza, unavuta kama kilo tano, na bastola yenyewe haifiki hata nusu kilo. Ukiminya, mtutu unatikisika kama kichwa cha mbuzi asiyetaka kamba. Kwa muuzaji usiishie kuishika na kusema "imenikaa". Muombe ruhusa, hakikisheni wote wawili kuwa ni tupu, elekezeni mahali salama, kisha aivute mara kumi mfululizo. Ikifika ya saba kidole kinatetemeka, hiyo si yake.

LCR traiga yake kweli ni laini kuliko ya Smith, hilo siibishii. Ninayo ya .22, inabeba risasi nane. Teke hakuna, na risasi zake bei chee, ndiyo ninayoendea renji. Ila msidhani .22 ni laini kila mahali. Traiga yake ni nzito kuliko ya ndugu zake, kwa sababu ile risasi hugongwa ukingoni na inataka kugongwa kwa nguvu. Na .22 hugoma kulia mara nyingi kuliko .38. Kwenye rivolva unavuta tena inakuja nyingine, lakini jambo la nyumbani sipendi liwe la "vuta tena".

Omosh254 (Minneapolis)
Sasa mimi nauliza tu, mtutu mfupi ni wa nini kama bunduki haitoki nyumbani? Nunua Ruger GP100 ya inchi nne, risasi sita, kilo moja na kidogo. Ukiweka .38 ndani ya hiyo ni kama unafyatua mashine ya kushonea. Mtutu mrefu, vilengeo viko mbali kimoja na kingine, kosa dogo la mkono unaliona mapema. Fupi ni ya mtu anayeificha. Wewe unamficha nani?

Kijoti_TX
Omosh, nimecheka. GP100 tuliishika jana. Mke wangu akasema hii ni ya kupigilia misumari. Pia sefu ninayoipigia hesabu ni ile ndogo ya kufunga ndani ya kabati, na mbele ya safari huenda nikataka kubeba nikienda kuvua. Ila nimewasikia kuhusu Magnum. Je, nikinunua ya .357 nikaweka .38?

Fundi_Chuma (Phoenix)
Hapo ndipo penye utamu. Risasi ya .38 inaingia kwenye silinda ya .357, kinyume chake hapana, kwa sababu ganda la .357 limerefushwa kama milimita tatu makusudi lisiingie. Kwa hiyo SP101 ni bastola mbili kwa bei ya moja. Angalizo: ukipiga .38 nyingi, masizi yanajenga pete ndani ya kila tundu, pale ganda fupi lilipoishia. Siku ukiingiza .357 itakwamia njiani. Piga brashi matundu yote kila ukitoka renji.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni kile kijiti cha kutolea maganda. Kwenye mitutu ya inchi mbili hakuna nafasi chini ya mtutu, kwa hiyo kijiti ni kifupi na maganda hayatoki yote. Unasukuma, matatu yanaanguka, mawili yananing'inia. Dawa yake: elekeza mtutu juu, piga kijiti kwa kiganja pigo moja la nguvu, usisukume polepole kama unafungua soda. SP101 iko pia ya inchi tatu, na hiyo kijiti chake ni kirefu. Uzito unaongezeka kidogo tu. Ningekuwa wewe ningeitafuta hiyo, hata iliyotumika.

Ukienda kwenye iliyotumika, nenda na tochi. Ikiwa tupu, vuta traiga polepole hadi mwisho, ishikilie hapo, kisha jaribu kuizungusha silinda kwa vidole. Icheze kidogo sana au isicheze. Fanya hivyo tundu kwa tundu. Angalia upenyo kati ya silinda na mtutu, uwe mwembamba na sawa pande zote. Hapo hapo ndipo gesi ya moto inapotokea ubavuni, kwa hiyo mfundishe shemeji asiweke kidole mbele ya silinda, hata siku moja.

Hamjataja Taurus 856 (sita, bei ya chini) wala Colt Cobra mpya iliyorudi 2017 (sita pia, traiga tamu, bei inauma). Colt walikuwa wanaweka sita ndani ya kidogo tangu Detective Special ya 1927, Smith wakaja na tano kwenye Chiefs Special mwaka 1950, na ubishi wa tano au sita haujaisha hadi leo. Mimi siuingii.

MpitaNjia_DSM (Dar es Salaam)
Mnachagua bastola kama sisi tunavyochagua kandambili Kariakoo. Huku uanze na serikali ya mtaa, upande polisi wilaya, ueleze silaha ya nini na utaitunza wapi, na bado unaweza kuambiwa subiri. Huko ni kulipa na kuondoka?

mzee_wa_shabaha
Si hivyo kaka. Dukani unajaza fomu namba 4473 ya serikali kuu na wanakuchunguza rekodi kabla ya kukukabidhi. Bastola duka halimuuzii aliye chini ya miaka 21. Kuna majimbo yanataka kibali kwanza, Omosh hapo Minnesota analijua hilo. Na nyie mlio kwenye viza za muda, za masomo au kazi, msidanganywe na rafiki. Kwa kawaida hamruhusiwi hata kuishika, isipokuwa vighairi vichache kama mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Mvuta bangi haruhusiwi na serikali kuu, hata kama jimbo lake linauza bangi dukani. Kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani Tanzania kwa ndege usiyoilipia.

Kijoti, mkeo naye awe anaruhusiwa, maana mikono itakayoishika ni yake.

BintiPemba
Na sefu inunuliwe KABLA ya bastola. Mtoto wa miaka 4 anaweza kushindwa traiga ya kilo tano kwa kidole kimoja, lakini ataigeuza aibonyeze kwa madole gumba mawili, na rivolva haina kitufe cha usalama cha kumzuia. Juu ya kabati si mahali, chini ya godoro si mahali. Hapo Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha uliyoizembea, ni kosa la jinai. Chukueni yenye vitufe vya kubonyeza gizani, ifungwe kwa skrubu, namba mjue wawili tu. Mwenye miaka 7 anajua kusoma na anakuona ukibonyeza!

Jambo jingine, nyumba zetu huku ni mbao na jipsamu. Risasi ya .38 inapita ukuta wa chumba na ukuta wa pili. Kaeni na shemeji mchana mwende chumba kwa chumba, mjue vitanda vya watoto viko upande gani. Mpango wenyewe uwe kuwakusanya watoto chumba kimoja, kufunga mlango na kupiga 911. Bastola ibaki ikitazama mlango huo tu.

Omosh254
Hapo kwa ukuta umenimaliza. Nimetoka kuangalia kitanda cha kijana wangu sasa hivi.

Kijoti_TX
MREJESHO. Wakuu, renji moja hapa wanakodisha, tukazijaribu zote tatu, umbali kama mita sita. Tulianza na zile risasi za kichwa bapa, wodikata, za kulengea shabaha, maana zina teke dogo na zinatoboa karatasi duara safi kama za mashine ya ofisini.

642: mke wangu alipiga tano, akairudisha mezani, akajifuta kiganja kwenye suruali, hakusema kitu. LCR: mbili ndani ya duara, tatu pembeni, akasema traiga nzuri ila inaruka. SP101 waliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi tatu. Alijaza mwenyewe, akapiga tano, akajaza tena bila kuniangalia. Nane kati ya kumi unaweza kuzifunika kwa kisahani cha chai. Mimi nikaomba Magnum moja tu nimalize ubishi na nafsi yangu. Mzee, umeshinda.

Tumepata ya inchi tatu iliyotumika, dola 610, nilikwenda na tochi na nikafanya yote ya Fundi, muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi. Sefu ilitangulia, iko ndani ya kabati na skrubu nne. Ya nyumbani itakuwa .38 yenye kichwa cha shimo, Magnum sijanunua hata boksi moja.

Fundi_Chuma
Hongera. Andika namba ya silaha, uiweke mbali na sefu. Na mkitoka renji mnawe kwa maji baridi na sabuni, mbadili nguo kabla ya kuwabeba watoto, ile risasi inaacha vumbi la madini yake (lead, ni sumu) mikononi. Matokeo yako wewe hujatupa lakini?

Kijoti_TX
Karatasi yake ameibandika kwenye friji. Yangu nimeikuta amefungia vitumbua vya kupelekea jirani.